Mguu Mzima Nyuma ya Leso

Mkwe wangu ni daktari, tena Mkuria, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu wote. Naanza na hilo la Kiswahili kwa sababu ndilo lililonifanya nimkubali. Siku alipoletwa kwetu na wazee wake kutoka upande wa Kehancha, watu wote wa boma walitoka kuwatazama ng'ombe walionunuliwa soko la Ogwedhi. Mimi nilikuwa chumbani, mahali pa mama mkwe siku kama hiyo, nikisikiliza kupitia ukuta. Nikamsikia akisema, "Ng'ombe hawa wamechoka, tafadhali wapewe maji." Hakusema "hii ng'ombe imechoka" kama wanavyosema vijana wetu wa ziwani. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, na sikio langu halijastaafu. Nilimwambia wifi yangu, aliyekuwa amekaa nami, kwamba huyu namtaka hata kama angekuja na mbuzi mmoja aliyekonda.

Kwetu Wajaluo mama wa mke huitwa maro, na kati ya maro na mkwe wake kuna heshima ambayo mgeni anaweza kudhani ni ugomvi. Hawapeani mikono. Hawatazamani machoni. Maro hali chakula mbele ya mkwe wake, na mkwe haingii chumba anacholala maro hata nyumba ikiwaka moto. Ajabu ni kwamba Wakuria nao wako hivyo hivyo, kwa hiyo mimi na kijana yule tulielewana tangu siku ya kwanza bila kusemezana. Akija kututembelea, anasalimu akiwa sebuleni, naitikia nikiwa chumbani, na katikati kuna mtu wa kubeba maneno. Kwa kawaida mtu huyo alikuwa binti yangu. Binti akikosekana, ni wifi.

Tuliishi vizuri sana namna hiyo kwa miaka. Mkwe wangu alifanya kazi katika hospitali moja Migori na kuishi Rongo na binti yangu. Mimi nilibaki nyumbani kwangu karibu na Sindo, nikiangalia mihogo yangu na kusahihisha Kiswahili cha wahubiri kanisani. Kisha siku moja baada ya mvua nikateleza kwenye saruji ya tangi la maji, nikavunjika nyonga.

Sitasimulia habari za hospitali. Nilipasuliwa, nikawekwa chuma, na walionihudumia walinihudumia vizuri. Ninachokikumbuka ni barabara. Nilipelekwa na kurudishwa nimelazwa kwenye sakafu ya pikapu juu ya godoro, na kila shimo la barabara ile nalijua mpaka leo kama nilivyowajua wanafunzi watundu. Nilipotelemshwa nyumbani niliapa kwamba pikapu haitanibeba tena nikiwa na pumzi. Mimi nikiapa, nimeapa.

Wakati huo huo binti yangu alijifungua kwa upasuaji kule Rongo. Hakuweza kuja kuniuguza, na mimi sikuweza kwenda kumkanda wala kumshika mjukuu wangu. Ndipo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alipofunga virago akaja kukaa nami. Ni mwanamke mfupi, mjane kama mimi, mwenye mikono ya mtu aliyevuta nyavu ujanani. Anamwogopa Mungu, na kwa kipimo kile kile anaiogopa chira, ule ugonjwa wa kunyauka unaosemekana humpata aliyevunja mwiko. Alikuwa akinigeuza na kunisafisha kama mtoto, huku akinipa habari zote za soko.

Yeye ndiye aliyekiona kidonda. Nilikuwa nimelala kwa muda mrefu, na pale mfupa unapobana godoro ngozi ilikuwa imefunguka kadiri ya kizibo cha soda. Alinyamaza ghafla katikati ya habari za bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, nami nikajua kuna jambo.

"Kiko wapi?" nilimuuliza.

"Hapo nyuma. Mahali ya kukalia," akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu mwingine nyumbani.

Sasa, kidonda kama hicho unamwonyesha nani? Daktari wa kituo cha afya alipelekewa habari, akajibu kwamba mgonjwa ndiye humfuata daktari. Simlaumu. Alikuwa peke yake na foleni yake ilifika kwenye lango. Kuna kijana mwingine anayezunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wa afya, kazi nzuri kabisa, lakini huyo nilimfundisha mimi. Nilimchapa kwa kuandika jina langu ukutani pamoja na picha. Leo ana ndevu. Alipofika nilimpa mkono anipime presha, nikamshukuru, nikamuulizia mama yake, akaenda zake bila kujua lolote.

Habari zikamfikia binti yangu kwamba mama ana kidonda kisichopona. Kidonda gani, hakuambiwa, maana wifi aliona si maneno ya kumwambia mzazi aliyetoka kujifungua. Binti akamwambia mumewe. Mumewe akasema atakuja mwenyewe.

Watu huzungumza kama vile daktari kuja nyumbani ni jambo la kuingia garini tu. Mkubwa wake wa kazi alimcheka, akamuuliza kama ameanza biashara ya kutembeza dawa. Ilibidi aje siku yake ya mapumziko, na glavu na vitambaa vya kufungia kidonda alinunua mwenyewe dukani. Huku kwetu nako, daktari anayeonekana akiingia bomani na mkoba watu humtazama mara mbili: ama amefukuzwa kazi, ama ana dawa za magendo. Na sisi wenyewe tukamwongezea mzigo. Mkwe haji mikono mitupu, kwa hiyo alibeba sukari, mafuta na mikate. Mkwe haondoki bila kula, kwa hiyo kuku alichinjwa, samaki akakaangwa, ugali ukasongwa wa kutosha watu wa harusi. Alifika asubuhi kunitazama kidonda, jua likaelekea kuzama bado anamalizia firigisi. Mlango wa chumba changu hakuukaribia.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika sebuleni, baina yake na wifi, mimi nikiwa nimelala upande wa pili wa ukuta, nasikia kila neno.

"Shangazi, naomba uniambie kidonda cha Mama kiko sehemu gani."

Wifi niliweza kumwona bila kumwona, amekaza macho kwenye vitambaa vya makochi nilivyofuma mwenyewe.

"Iko kwa mguu," akasema mwishowe.

"Mguu, wapi hasa?"

"Hapa chini ya goti. Hapa kando."

Sikuwahi kumpenda wifi yangu kama nilivyompenda saa ile. Kiswahili chake kilinichoma kama kawaida, lakini alinisitiri. Alichukua kidonda changu cha aibu akakishusha mpaka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuwa na kidonda, hata mchungaji. Nilivuta shuka mpaka kidevuni nikajisikia nimevaa nguo rasmi.

Daktari, basi, akatibu alichoambiwa. Alieleza taratibu na kwa ufasaha. Mama alale chali. Mguu uinuliwe juu ya mito miwili, usishuke, ili damu irudi na uvimbe upungue. Kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Vidonge ni hivi, na vitamezwa hivi. Wifi alirudia yote mpaka daktari akaridhika, kisha akaletewa kuku.

Mimi ni mwalimu, nikipewa maagizo nayafuata. Tulikusanya mito ya nyumba nzima. Mguu wangu mzima ukakaa juu ya mito kama bibi arusi, nami nikalala chali asubuhi na jioni, uzito wote umekaa pale pale penye kidonda. Wifi alipojaribu kunigeuza ubavu nilimkataza, nikamwambia daktari amesema chali. Kila daktari alipopiga simu kuuliza, wifi alimjibu kwamba inakauka. Kizibo cha soda kikawa mdomo wa kikombe cha chai.

Mtu atauliza tulikuwa na akili gani. Sioni haya kusema kwamba niliona haya. Nililelewa na mama ambaye hakuwahi kukohoa mbele ya mkwe wake, na nilimheshimu kwa hilo. Nilikuwa tayari kupona, ila nilitaka kupona kwa adabu.

Kisha homa ikaja. Ilianza jioni kwa baridi ya mifupa, na kesho yake meno yangu yakawa yanagongana mpaka kitanda kikalia. Wifi alinitazama asubuhi hiyo bila habari yoyote ya soko. Alitoka nje, nikamsikia akipiga simu mwenyewe, jambo asilolipenda. Alisema tu, "Daktari, kuja leo," akakata.

Alikuja kabla ya saa sita, siku ya kazi, hana sukari wala mkate, ila mkoba wake wa dawa tu. Wifi alianza kuomba radhi kwamba hakuna kuku aliyekamatwa. Daktari alisimama katikati ya sebule, na kupitia ukuta nikasikia anavuta pumzi kwa pua, mara moja, halafu tena.

"Shangazi," akasema, "hii harufu si ya kidonda kinachokauka. Leo lazima niuone huo mguu."

Nilisikia wifi akifikiri. Daktari alikuwa na haki, na mwiko nao ulikuwa na haki, na wifi yangu ni mtu wa kutafuta njia. Alisema, "Ngojea kidogo." Akaingia chumbani, akafunga leso moja juu ya mlango ikawa pazia, akakivuta kwa nguvu zake zote kitanda changu mpaka karibu na mlango. Halafu alifanya jambo ambalo nikilikumbuka nacheka peke yangu hata kanisani. Alileta maji ya moto, akaniosha mguu, akaupaka mafuta ya kujipaka kuanzia gotini mpaka vidoleni, ili mkwe asije akaona maro wake ana ngozi yenye ukavu. Akaupitisha mguu chini ya leso.

Vidole vyenye glavu viliushika. Vikabonyeza kifundo, vikapapasa ugoko, vikazunguka goti.

"Shangazi, huu mguu ni mzima."

"Eeh," wifi akasema. "Basi nilichanganya. Ni ile ingine."

Tukaanza upya. Maji ya moto, mafuta, na safari hii ilikuwa upande wa nyonga yenye chuma, kwa hiyo niliuma shuka. Mguu wa pili ukapita chini ya leso unang'aa. Vidole vikabonyeza, vikapapasa, vikasimama.

"Na huu nao ni mzima," akasema daktari. "Shangazi, mtu ana miguu miwili tu."

Wifi hakuwa na mguu mwingine wa kumpa. Alikaa kitako ukingoni mwa kitanda, mikono bado ina mafuta.

Ndipo mkwe wangu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aoe kwetu. Alinisemesha. Hakuniita Mama, maana angeniita Mama mwiko ungesimama kati yetu kama ng'ombe barabarani. Aliniita kwa jina ambalo kila mtu ziwani ananiita.

"Mwalimu," akasema nyuma ya leso. "Nisamehe. Una homa, nasikia jinsi unavyopumua. Nikiondoka hapa bila kujua kidonda kiko wapi, sidhani kama nitakukuta tena. Kiko wapi, Mwalimu?"

Wifi alinishika mkono. Nilijua anachotaka niseme: chochote, kiwiko, bega, kisigino. Nami nilifikiria darasa langu. Nilifundisha viungo vya mwili kwa watoto wadogo mwaka baada ya mwaka, na ukutani palikuwa na picha ya mtu aliyetazama mbele. Kwa vile alitazama mbele, hatukulazimika kumtaja nyuma. Nilimtumia mtu yule mpaka karatasi ikachakaa, na watoto wangu wote wakatoka darasani wakijua mwili wa binadamu nusu.

Nilifikiria pia mjukuu wangu ambaye sikuwa nimemwona. Nilitaka kumwona. Hilo lilikuwa kubwa kuliko yote.

"Andika," nikasema. Sauti ilitoka ile ya imla, sikujua kama bado ninayo. "Kidonda kiko kwenye makalio, upande wa kulia, pale mfupa unapokutana na godoro. Ukubwa wake ni kama mdomo wa kikombe. Katikati ni cheusi. Kinanuka. Kilianza kabla hujaja mara ya kwanza. Nina homa tangu jana."

Nilisikia kitu kizito kikishuka sakafuni. Daktari alikuwa ameketi chini, pale pale mlangoni.

"Mimi ndiye niliyekulaza chali," akasema.

"Ulimlaza mtu mwenye kidonda cha mguu," nikamjibu. "Mtu huyo hakuwemo humu ndani."

Akacheka, au akalia, kwa leso katikati sikuweza kujua. Kisha akawa daktari. Alisema nigeuzwe ubavu sasa hivi na nisilale chali tena mpaka aseme yeye. Alisema ile nyama nyeusi imekufa na lazima iondolewe, na homa inataka dawa ya mshipani. Angependa nirudi hospitali, lakini kunipitisha barabara ile nikiwa hivyo kungenimaliza njiani. Angeanza hapa hapa, leo, na homa isiposhuka kufikia kesho nitabebwa, niwe nimeapa au sijaapa. Ila ili aanze, lazima aingie.

Wifi alisimama. Alikwenda mlangoni akashika miimo yote miwili, mgongo wake kwangu, uso wake kwa leso.

"Hapana," akasema. "Dawa nipe mimi. Kisu nipe mimi. Wewe ukiingia hapa, ni chira. Itashika mtoto yako."

"Shangazi, mama yangu mzazi angeniambia hivyo hivyo," daktari akasema. "Siwezi kupita juu yako. Na siingii mpaka Mwalimu mwenyewe aseme."

Walikuwa na adabu, wote wawili, na mimi nilikuwa nakufa katikati ya adabu zao. Hapo hasira ikanipanda, na hasira ilinisaidia kuliko vidonge.

"Wifi," nikasema kwa Kijaluo, ili jambo hili libaki la kwetu, "nipe leso nyingine."

Alinipa ile aliyojifunga kiunoni. Nikageuka ubavu kwa taabu, nikajifunika uso wote, nikaikunja mpaka nyuma ya kichwa. Ndani mle mlikuwa na harufu ya moshi na samaki.

"Maro hayupo," nikasema. "Mwambie. Maro ametoka. Aliyelala hapa ni mgonjwa hana uso. Sasa toka mlangoni ukamshikie daktari taa."

Sikuona alichofanya. Nilisikia tu baada ya muda nyayo zake zikirudi nyuma, kisha leso ya mlangoni ikivutwa. Dirisha la chumba changu ni dogo, kwa hiyo wifi alitumwa kwa jirani kuazima taa ya kuvulia omena, na taa ile ya ziwani ikawashwa chumbani kwangu mchana kweupe. Chupa ya dripu ilitundikwa kwenye msumari wa kalenda ya kanisa.

Daktari alinieleza kila kitu kabla ya kukifanya. Sasa nitagusa. Sasa ni maji. Sasa nakuchoma sindano ya ganzi, lakini haitafika kila mahali. Haikufika. Alipoanza kukata nikakosa pa kuweka maumivu, na nikiwa chini ya leso nikaanza kutaja ngeli kwa sauti, kama tulivyokuwa tukizitaja darasani. A-WA. U-I. LI-YA. KI-VI. Wifi alidhani homa imenipanda kichwani, akaanza kuomba kwa Kijaluo. Niliendelea. I-ZI. U-ZI. Kisu kikafika mahali pabaya, nikakwama.

"U-YA, Mwalimu," akasema daktari, hakuinua kichwa.

"Mfano," nikamwambia.

"Ugonjwa huu, magonjwa haya."

"Vizuri. Endelea kukata."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza tukiwa chumba kimoja, mimi na mkwe wangu.

Alilala kwa jirani usiku ule, maana mwiko wa kulala kwangu hatukuugusa, na kesho yake homa ilikuwa imeshuka. Akarudi tena wiki iliyofuata, na wiki nyingine. Mkubwa wake hakumruhusu wala hakumkataza. Mimi niliweka sheria mpya katika nyumba yangu: akija kama mkwe, atachinjiwa, akija kama daktari, atapewa kikombe kimoja cha chai, akinywe amesimama, aende akalale kwa mke wake. Wifi aliiona sheria hiyo mbaya kuliko ile ya leso. Alisema majirani watatangaza kwamba Mwalimu anamnyima mkwe wake chakula, na kweli walitangaza. Waacheni watangaze. Aliyelishwa kuku hakunikata nyama iliyooza, aliyekunywa chai amesimama ndiye aliyenikata.

Daktari alimfundisha wifi kunisafisha siku ambazo yeye hayupo, na kunigeuza, na kunilisha mayai na samaki mpaka nikachoka. Alinisimamisha kwa nguvu kabla sijataka kusimama. Kila alipoingia chumbani nilijifunika uso, na kila alipotoka nilijifunua. Kwa miezi yote ile aliona nilichokuwa nimekificha kwa binadamu wote, lakini uso wangu hakuuona hata siku moja. Kidonda kiliziba polepole kutoka ndani, kama alivyosema kitaziba.

Mjukuu wangu aliletwa nikiwa nimekaa kitini, nimekalia pande zote mbili. Ni mnene, ana mapaja kama ya bondia, na chira haijamwona. Siku hiyo baba yake alikuja kama mkwe. Alisalimu akiwa sebuleni, nikaitikia nikiwa chumbani, na binti yangu akabeba maneno. Kuku alichinjwa. Wifi alifurahi mpaka akaimba.

Najivunia mambo machache maishani. Najivunia wanafunzi wangu, hata yule wa ukutani. Najivunia mkwe wangu, na nasema hivyo mbele ya watu ingawa maro hapaswi kumsifu mkwe wake sana. Na najivunia sentensi ile niliyoitamka nyuma ya leso. Ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kutamka, na haikuwa na kosa.

Habari kama hiyo haikai ndani ya boma. Kina mama wa kanisa walikuja kunitazama, wamevaa vitambaa vya kichwa, wamebeba maziwa na ndizi. Waliomba, wakaimba, wakanywa chai, wakazunguka zunguka maneno. Mwishowe mkubwa wao akakohoa.

"Mwalimu, kuna maneno inasemwa huko nje. Eti mkwe yako alikuingilia mpaka chumbani. Eti aliona... Sisi tulikataa. Tukasema Mwalimu hawezi."

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwa na kidonda kwenye makalio, na mkwe wangu akakitibu. Kimepona. Swali lingine?"

Vikombe viligongana, mtu akasifu maziwa yake mwenyewe, na muda si mrefu wakaaga. Wifi aliwasindikiza mpaka langoni akiwa amekasirika kwa niaba yangu.

Mmoja alibaki. Ni mwanamke wa makamo, mkimya, ambaye miaka yote tuliyoimba pamoja kwaya sikumbuki akiomba kitu. Alikuwa ameketi karibu na mlango na mkono wake wa kulia umeshika titi la kushoto juu ya nguo, namna mtu anavyoshika pesa sokoni. Nilidhani amesahau mwavuli.

"Mwalimu," akasema, macho yake chini. "Daktari wa hapa kwetu ni mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye nilimlea." Kisha akauliza, "Ile siku, ulijifunika na leso gani?"

Niliivua mabegani nikampa. Aliishika kwa mikono yote miwili, hakuikunjua. Nikachukua simu ya wifi nikapiga Migori, mimi mwenyewe, bila mtu wa katikati. Iliita mara chache.

"Ndiyo, Shangazi," mkwe wangu akaitika.

"Si Shangazi," nikasema. "Ni Mwalimu. Kuna mtu hapa anataka umwone, na leso anayo."